Kabla Posti Haijapita: Kwa Maadmini wa Makundi ya Mashabiki

Mei 8, 2021, Simba na Yanga walipangiwa kucheza saa 11 jioni Uwanja wa Benjamin Mkapa. Siku hiyohiyo, watu wameshavaa jezi na wengine wameshakaa majukwaani, TFF ikatangaza kwamba mechi imesogezwa hadi saa 1 usiku. Yanga wakaingia uwanjani kwa saa yao ya awali, wakapasha misuli, wakaondoka. Simba wakaja kwa saa mpya. Mechi haikuchezwa. Sasa jiulize ungefanya nini mchana ule kama ungekuwa admini wa kundi la mashabiki Mbagala au Tandale, na mwanachama anakuletea picha ya barua ya kusogeza mechi. Jambo lenyewe haliingii akilini. Aliyeileta ndiye aliyeleta wiki iliyopita habari ya beki kuvunjika mguu, kumbe beki yuko mazoezini anacheka. Ungeitupa kapuni, na habari ilikuwa ya kweli.

Machi 8, 2025 hali ikajirudia kwa sura nyingine. Usiku wa kuamkia mechi Simba walitoa taarifa kwamba hawatacheza kwa kuwa walizuiwa kufanya mazoezi uwanjani, Yanga wakasema wao wako tayari, na siku ya mechi Bodi ya Ligi ikaahirisha. Derby hiyo ilikuja kuchezwa Juni 25, Yanga wakashinda 2-0. Katika saa zile za sintofahamu, kila simu ya Dar es Salaam ilikuwa na taarifa yake: ya kweli, ya zamani iliyobadilishwa tarehe, na ya kupikwa kabisa.

Nazitaja siku hizo mbili kwa sababu admini wengi wakiwasha idhini ya posti wanadhani kazi waliyojipa ni kukamata uongo. Uongo haukamatwi kwa kuutazama tu usoni. Unachoweza ni kuamua posti za aina gani zisubiri na za aina gani zipite bila kuguswa, na msimamo wangu ni huu: chelewesha kinachojiita habari na kinachogusa pesa. Utani uache upite. Makundi mengi niliyoyaona yamefanya kinyume chake. Picha ya kumcheka mtani inakaa foleni siku nzima, huku tangazo la mtu anayeuza tiketi za kijanja linapita kwa dakika moja kwa kuwa limeandikwa kwa adabu.

Kwanza jua chombo ulichonacho. Kundi la Facebook lina mahali pa kuwasha idhini ya posti. Kila kinachoandikwa kinapanga foleni hadi admini au msaidizi wake akikubali, na yule unayemwamini unaweza kumruhusu apite moja kwa moja. WhatsApp haina foleni hiyo. Ina swichi tu: ama wote wanatuma, ama maadmini peke yao. Ni kweli tangu 2022 admini anaweza kufuta ujumbe wa mwanachama kwa wote, lakini kundi la WhatsApp linabeba hadi watu 1,024, na ukifika kuufuta ujumbe wa saa 4 usiku, nusu yao wameshaupeleka kwenye kundi la familia, la kazini na la kwaya. Maji yakimwagika hayazoleki. Telegram nayo ina kitu ambacho wengi hawakitumii, nacho ni kupunguza mwendo: mtu akishatuma ujumbe mmoja hatumi mwingine hadi muda uliouweka upite, kuanzia sekunde chache hadi saa nzima. Usiku wa matokeo mabaya, dakika moja ya kusubiri inatosha kumfanya mtu asome alichokiandika.

Kwa tawi linaloendesha mambo yake WhatsApp, na ndiyo mengi ya Temeke na Kinondoni, nashauri muwe na makundi mawili. Moja la taarifa, wanatuma maadmini tu. Jingine ni kijiwe, wanatuma wote. Mwanachama mwenye habari anaileta inboksi kwa admini, nayo ikishathibitika inapanda kundi la taarifa. Huko kijiweni watu wabishane watakavyo, na wote wafahamu kwamba neno la kijiweni si taarifa ya tawi. WhatsApp yenyewe iliweka mpangilio wa jumuiya tangu mwishoni mwa 2022, wenye kundi la matangazo juu na mengine chini yake, kwa hiyo huna haja ya kubuni kitu.

Tuje kwenye utani, maana hapo ndipo maadmini wanapovuruga zaidi. Yanga ni ya 1935, Simba ya 1936, na tangu enzi za babu zetu klabu hizi zinataniana. Mtu wa Mwananyamala akimwita jirani yake Utopolo, na jirani akamjibu Kolo, hapo hakuna ugomvi wa kuamua. Baada ya Yanga kushinda 5-1 Novemba 5, 2023, mkono wenye vidole vitano ulitosha kuwa posti nzima, na Wanasimba walikuwa na 5-0 yao ya Mei 6, 2012 ya kujibia. Admini anayekalia vitu hivi ili kundi liwe na amani atabaki na kundi la salamu za asubuhi na dua za Ijumaa. Watu watahamia kwingine, na huko waendako hakuna anayechuja chochote.

Mpaka wangu ni mwepisi kuukumbuka. Utani unaopiga klabu, jezi, matokeo, msemaji na maneno aliyoyatamka mwenyewe hadharani upite. Unaopiga mama wa mtu, dini, kabila, rangi, ulemavu au mke wa mchezaji usipite, hata kama umechekesha. Matusi ya nguoni yasipite, hata yakiwa yamefichwa kwa nyota na alama za kuuliza. Namba ya simu ya mwamuzi isipite kamwe. Kila baada ya penalti ya utata kuna mtu anaipata namba hiyo mahali na kuiweka hadharani ili apigiwe, na admini aliyebonyeza kukubali amemsaidia. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, lakini hata bila sheria, yule ni mtu mwenye watoto nyumbani.

Kuna aina moja inayowasumbua maadmini wazuri, nayo ni posti ya hasira kwa mchezaji wa timu yao wenyewe. Kipa kafungwa goli la kizembe dakika ya 88, na kufika dakika ya 95 foleni ina posti arobaini, zote zinamtaja yeye. Usizikubali na usizikatae. Ziache zilale. Asubuhi waandikie wenyewe kwa kifupi: "Kaka, posti yako ya jana bado ipo, niipitishe?" Wengi watakujibu uifute. Atakayesema ipite, na haina tusi, mpitishie, kwa sababu kumlaumu kipa ni haki ya shabiki aliyelipa kiingilio.

Habari zinahitaji mkono tofauti kabisa. Barua yenye nembo ya klabu ikikufikia, ikuze kwenye kioo kabla ya kuisoma. Tazama tarehe na siku, maana waghushi hubadilisha tarehe wakasahau kwamba siku haiendani nayo. Tazama kama herufi za mstari wa katikati zina unene sawa na za juu na chini. Barua nyingi za uongo ni barua halisi za zamani zilizobadilishwa mstari mmoja. Soma cheo cha aliyesaini na ujiulize kama mtu huyo bado ana cheo hicho. Kisha fanya jambo ambalo watu wanaona uvivu kulifanya: fungua mwenyewe ukurasa rasmi wa klabu, wa TFF au wa Bodi ya Ligi, kwa kuandika jina, usipitie linki uliyoletewa. Ikiwa haipo huko, hujathibitisha kwamba ni ya uongo. Umethibitisha kwamba hujui, na posti inabaki foleni hadi ujue. Hili ndilo somo la Mei 8: usikatae habari eti kwa sababu ni ya ajabu. Mpira wetu una mambo ya ajabu ya kutosha.

Kwenye usajili, kusubiri uthibitisho hakutoshi, kwa kuwa tetesi ndiyo raha yenyewe ya Juni na Julai. Kabla Yanga hawajamtangaza Clatous Chama mwanzoni mwa Julai 2024 akitokea Simba, wapo waliosema haiwezekani na wapo walioapa kwamba wamemwona. Waliosema anakuja walikuwa sahihi. Ungezuia mazungumzo yote yale ungelinyima kundi lako msimu mzima wa stori. Dawa yake ni kumtaka mwandishi aanze posti kwa neno TETESI au RASMI. Ya kwanza inapita bila kuulizwa sana. Ya pili haipiti bila kuonyesha imetoka wapi. Anayeandika RASMI juu ya tetesi mara ya pili, mwondoe kwenye orodha ya wanaopita moja kwa moja. Picha za mchezaji akiwa ameshika jezi mpya zisikubabaishe tena. Siku hizi akili unde inamvalisha mtu jezi yoyote kwa sekunde chache, na vidole vyake vinatoka vitano kamili.

Sasa suala la muda, ambalo nalipa uzito kuliko maadmini wengi wanavyolipa. Posti ya goli iliyoandikwa dakika ya 23 na kukubaliwa kesho yake saa 3 asubuhi ni takataka, na aliyeiandika hataandika nyingine. Kwa hiyo dakika 90 usitumie foleni. Kwenye Facebook, idhini inashika posti, haishiki komenti zilizo chini yake, basi nusu saa kabla ya mechi weka posti moja ya mechi na uwaambie watu wote wabishane chini yake. Foleni ya posti mpya iache imefungwa hadi filimbi ya mwisho.

Wakati huo anayesimamia komenti asiwe uwanjani. Mkapa ikijaa watu 60,000 intaneti inakuwa ya kubahatisha, na mtu anayeruka na jukwaa hawezi kusoma matusi ya wengine kwa utulivu. Awe nyumbani, au kwenye kibanda umiza cha Tandika akiwa na bando la kutosha. Tawi lenye akili linaweka watu watatu wa zamu, wenye ratiba tofauti za riziki: dereva wa bodaboda yuko bize jioni lakini ana nafasi mchana, mwalimu yuko huru baada ya saa 10, dada wa duka la dawa anakesha. Mmoja kati yao awe mtu asiyependa sana mpira. Nimeona mara kadhaa kwamba huyo ndiye anayefanya kazi hii vizuri kuliko wote.

Pesa za nje ya kundi zinakuja kwa sura nne au tano zilezile, na zote zikae foleni bila kujali nani kazileta. Kuna mzee wa mikeka anayeuza mechi za uhakika. Angekuwa na uhakika asingekuwa anauza, angebeti mwenyewe. Kuna anayeuza tiketi za derby kwa kutumiwa pesa kwanza, wakati tiketi za Mkapa zinakatwa kwa N-Card na kila shabiki anaweza kununua yake. Kuna jezi za bei ya kutupa kutoka kwa mtu asiye na duka. Na kuna lile gumu kulikataa: mwenzetu kalazwa, tuchangie, tuma kwenye namba hii na ya kutolea. Hilo usilipitishe hadi mwanachama mmoja unayemfahamu kwa sura awe amemwona mgonjwa kwa macho, na jina linalotokea kwenye simu kabla ya kuthibitisha malipo liwe la mgonjwa au la ndugu yake anayejulikana mtaani. Mwenye shida ya kweli hatachukia ukimuuliza.

Kisheria, usijidanganye kwamba kundi la mpira liko nje ya macho ya dola. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 16, inaweka kwa anayechapisha taarifa za uongo faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote viwili. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 ziliwataka watoa maudhui kulipia leseni na kuwa na namna ya kuchuja yanayokatazwa, na Juni mwaka huo jukwaa la JamiiForums, ambamo watu walikuwa wakijadiliana tangu 2006, lililazimika kufungwa kwa muda. Kanuni hizo zimebadilishwa tangu wakati huo. Niseme wazi kwamba sheria hizi zimeandikwa kwa mapana yanayotisha, na hofu yake imewafanya maadmini wengi wazuie hata malalamiko halali kuhusu uwanja au bei ya kiingilio. Usifanye kazi ya serikali kwa kujitolea. Zuia uongo unaoujua na matusi; lawama kwa viongozi wa mpira ziache zipite.

Na hapo ndipo penye ugonjwa mkubwa wa idhini ya posti katika matawi yetu. Chombo kilichoanzishwa kuzuia matapeli kinaishia kumzuia anayeuliza maswali. Chukua safari ya Tanga, timu inacheza na Coastal Union Mkwakwani. Tawi linatangaza basi, kila kiti kina bei yake, watu wanatuma kwa mweka hazina. Safari inafanyika, au haifanyiki. Wiki mbili baadaye mtu mmoja anaandika: "Jamani, chenji ya basi iko wapi?" Posti inakaa foleni. Siku ya tatu anauliza tena. Siku ya tano anatolewa kwenye kundi kwa kosa la kuvuruga amani. Waliobaki hawajui hata kwamba swali liliulizwa, kwa sababu posti iliyozuiwa haiachi alama. Admini hakutukana mtu wala kudanganya, alinyamaza tu, na pesa ikapotea kimya kimya.

Mambo matatu yanazuia hali hiyo. La kwanza, mtu anayeshika pesa za tawi asiwe na uwezo wa kukubali au kukataa posti, hata kama ndiye aliyeanzisha kundi. La pili, posti yoyote inayouliza kuhusu michango, uchaguzi wa tawi au uongozi ikubaliwe ndani ya siku moja kama haina tusi, na jibu litolewe chini yake, hadharani. La tatu, kila Jumatatu admini wa zamu aandike mistari miwili kwenye kundi: wiki hii tumezuia posti ngapi, na kwa sababu gani kwa ujumla wake. Majina hayatajwi. Mistari hiyo miwili inawafanya wanachama wajue foleni ipo na ina mtu, na admini mwenyewe anaona aibu kuzuia asichoweza kukieleza.

Mtu uliyemkatalia aambiwe sababu, kwa sentensi moja, inboksi. "Haina chanzo." "Ina namba ya mtu." "Ina tusi kwa mama yake." Ukishindwa kuandika sentensi hiyo, ipitishe. Na aliyekataliwa awe na mtu wa pili wa kumlalamikia, admini mwingine mwenye uwezo wa kuikubali posti bila kumwomba ruhusa wa kwanza. Ndiyo sababu nyingine ya kutokuwa na admini mmoja, mbali na ile inayojulikana na kila aliyewahi kutoka Mkapa kwa miguu usiku wa derby: simu inaibiwa, namba inapotea, na kundi linabaki bila mwenyewe.

Kuna matawi ambayo aliyefungua kundi ndiye mweka hazina, ndiye mwenye kauli ya mwisho kwenye posti, na ndiye anayekodi basi. Huyo hatasoma makala hii, na akiisoma atasema imemlenga jirani yake. Kwa hiyo maneno haya ni kwako wewe unayekaribia kumtumia nauli ya safari ijayo: kabla hujatuma, omba kwenye kundi, mbele ya wote, jina la kampuni ya basi, idadi ya viti na bei ya kukodi. Kama swali lako halijatokea kwenye kundi hadi kesho yake, nunua tiketi yako mwenyewe pale stendi.